Mkono wa Papa Uliosubiri Mashine

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu huinama upande mmoja kama migomba ya Mururu baada ya mvua ya upepo, na h sijui kila mara niiweke wapi. Nilisoma primaire tu, shule ya msingi. Shuleni tulifundishwa kuandika Kinyarwanda na Kifaransa kidogo. Kiswahili ni cha nyumbani, maana wazazi wangu walikulia Bukavu kabla ya kurudi huku Rusizi, na hakuna aliyewahi kunisahihisha. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanila mchana mzima, kwa kuwa nainuka kila mara kumgeuza Papa, baba yangu, asipate vidonda. Lakini kusimama mbele ya watu na kueleza jambo kunanishinda zaidi. Basi afadhali karatasi.

Papa alikuwa mwalimu wa kwaya. Kwaya yenyewe iko Bukavu, ng'ambo ya daraja, na hata baada ya sisi kuhamia Kamembe aliendelea kuvuka Rusizi ya kwanza, daraja la mpaka wa Rwanda na Kongo, kila Jumamosi kwenda mazoezini, viatu vinang'aa, kafilimbi kake ka kutolea noti kakiwa mfukoni. Nyumbani alikuwa mtu wa kunyamaza kama mimi. Mbele ya kwaya alikuwa mwingine. Nilipokuwa mdogo alinichukua nikakaa kwenye benchi la nyuma, nikaona mkono wake wa kulia unapanda na watu wazima wote wanavuta pumzi kwa pamoja, akina mama wenye maduka, wazee wenye mvi, wote, wakamngoja. Mkono ukibaki juu, hakuna aliyethubutu kuimba.

Halafu akaanguka, asubuhi, karibu na bomba la maji, ndoo ikiwa bado inajaa. Aliporudi kutoka hospitalini upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalikuwa yamekwenda. Lilibaki moja tu, la Kifaransa: bon. Analitumia kwa kila kitu. Bon ni njaa, bon ni hapana, bon ni nifungulieni dirisha nione ziwa. Maman anasema ameshajua kuyatofautisha. Mimi nakisia tu.

Kuna dada wa kine hospitalini, yule anayenyoosha viungo vya wagonjwa. Alikuja nyumbani mara moja, akaushika mkono wa Papa, akaukunja na kuukunjua.

"Huu mkono wa kuume haukufa," alituambia. "Unasinzia tu. Mukiuacha hivi utakauka, na ukishakauka hakuna muntu atauamusha. Muutafutie kazi yenye unapenda."

"Kazi gani, dada?" Maman akauliza. "Hata kijiko haukamate."

"Mimi nitajua namna gani, Maman? Nyinyi njo munamujua."

Maman ndiye aliyefikiria kwaya. Yeye huvusha nyanya na kabichi kwenda kuuza Bukavu, na wanakwaya wote wanamfahamu. Wakati ule wao hawakuweza kuja kumwona Papa kila walipotaka. Mpaka ulikuwa ukifungwa mapema. Basi walijirekodi mazoezini kwa simu zao, wakaziweka video kwenye kadi ndogo za kuhifadhia picha, wakampa Maman. Alizifunga kwenye pindo la kitenge, mahali anapofunga kila kitu cha thamani. Siku moja darajani askari mmoja aligusa lile fundo kwa ncha ya kalamu.

"Maman, na hii ni nini?"

"Ni kwaya."

"Kwaya muzima ndani ya kitambaa?"

"Muzima, afande. Na ba bass bao."

Askari alicheka mpaka akamwacha apite na wenzake waliokuwa nyuma.

Siku tuliyoweka video ya kwanza, Papa alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho dirishani. Filimbi ikatoa noti, kwaya ikaguna kuitafuta, na mkono ukatoka kwenye blanketi. Haukufika mbali. Ulifika usawa wa kifua, ukatetemeka, ukashuka pamoja na pigo la kwanza la wimbo. Maman alikuwa amesimama mlangoni ameshika sufuria ya moto kwa kitambaa. Hakuiweka chini mpaka wimbo ulipokwisha.

Tangu hapo kila alasiri Papa alikuwa na mazoezi yake. Mkono ulipanda mpaka begani. Siku nyingine vidole vilibana hewa, kama alivyokuwa akikata sauti mwisho wa ubeti.

Kaka yangu mkubwa, ambaye huku tunamwita yaya, anafanya kazi za kompyuta Kigali. Alikuja kumwona Papa, akaona tunavyohangaika na kadi, moja simu hii, nyingine simu ile. Akaleta kompyuta ndogo kuukuu, akaiweka chini ya televisheni. Video zote zikaingia humo, na televisheni ikawa inazichukua bila waya. Mtu anachagua wimbo kwa rimoti, basi. Yaya alifurahi kupita kiasi. Akaanza kuiongezea plagini, vile viprogramu vidogo vinavyobandikwa juu ya programu kubwa ili ifanye mambo zaidi. Moja ya kutafuta picha nzuri ya kila video. Moja ya kutengeneza vipicha vya kuchungulia unapopeleka wimbo mbele. Moja ya kusikiliza mwanzo wa filamu za mfululizo, ili muziki wa ufunguzi ukijirudia uweze kurukwa. Aliziongeza kama mtu anayepita jikoni na kutia chumvi kidogo kwenye sufuria ya mwenzake, kisha akapita tena.

"Hii sasa ni cinema, petite," aliniambia. "Watu ba Kigali bote hawana hii."

Kupanga video aliniachia mimi. Hapo inabidi niwaeleze desturi ya kwaya ya Papa, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Katika kwaya yake hakuna sauti inayotupwa. Sauti ya kwanza walijirekodi upande wao, ya pili upande wao, ya tatu hivyo hivyo, na bass, wanaume wa sauti nzito, nao wakasema simu za wanawake haziwasikii, wakajirekodi wenyewe. Kwa hiyo wimbo mmoja tulikuwa nao mara nne, na wakati mwingine zaidi, kwa kuwa kila mwenye simu alitaka Mwalimu amwone. Yaya alisema tubakize moja moja.

"Nitabaangalia kwa macho namna gani?" Maman akamjibu. "Wataniuliza: Mwalimu ametuona? Niseme nini? Nimewafuta?"

Basi niliziweka zote. Na kwa sababu kwaya ni moja, niliziweka chini ya jina moja, kama sehemu za filamu moja ya mfululizo. Niliona vizuri namna hiyo. Zilikaa pamoja kama watu wa nyumba moja.

Haikupita muda mrefu, picha ikaanza kukwama.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye wimbo anaoupenda kuliko zote. Ubeti wa pili, bass wanapotaka kuingia, midomo yao ikabaki wazi na kale kaduara kakaanza kuzunguka katikati ya kioo. Mkono wa Papa ulikuwa juu. Ukangoja. Papa hakuangalia kioo, aliuangalia mkono. Akaungoja na yeye. Mimi nikabonyeza rimoti, nikabonyeza tena, na mkono ule ukabaki pale ukitetemeka, kwaya nzima imenyamaza mbele yake. Halafu ukashuka. Akainua ule wa kushoto, ulio mzima, akajigonga kichwani kwa kidole.

"Bon," akasema.

Safari hii sikuhitaji kukisia. Alifikiri kichwa chake kimekatika tena.

"Papa, si weye," nilimwambia. "Ni masini. Masini njo imekwama."

Aliniangalia kama mtu anayesikia watu wakiongea chumba cha pili.

Wimbo ukaendelea wenyewe. Mkono haukupanda tena siku ile.

Kesho yake ilikwama pale pale au karibu na pale. Na kompyuta ile ndogo, ambayo mwanzoni hatukuisikia, sasa ilikuwa inavuma kama mtu anayepuliza mkaa mbichi. Niliiwekea kiganja mgongoni, nikakiondoa haraka. Nilimpigia yaya. Aliniongoza kwa simu mpaka nikafika kwenye ukurasa unaoonyesha hali ya mashine. Kulikuwa na mstari wa prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote. Mstari ulikuwa umegusa mia na ulikuwa hauna nia ya kushuka.

Yaya alinieleza hivi. Video za simu zimeandikwa kwa namna ambayo televisheni yetu kuukuu haiielewi, kwa hiyo mashine inatafsiri huku inaonyesha, kama yule mama wa kanisani anayetafsiri mahubiri sentensi kwa sentensi. Akiwa huru, anaweza. Lakini mtu akimpa na maharage ya kuchambua, na mtoto wa kubeba, mhubiri atasema na yeye atabaki nyuma.

"Basi nani amemupa maharage?" nikauliza.

"Njo tutafute. Labda vumbi. Labda plagini. Anza na vumbi."

Nilifunga kompyuta kwenye kitambaa nikaipeleka kwa fundi wa simu sokoni Kamembe. Aliifungua, akapuliza, akakohoa.

"Dada, hii iko inakula vumbi kuliko ba chauffeur ba pikipiki. Inakaa wapi?"

"Chini ya televisheni."

"Na televisheni iko wapi?"

"Karibu na mgonjwa."

Akaacha mzaha. Aliisafisha kwa burashi mpaka kwenye vipembe, akanirudishia na kusema sasa itapumua. Ilipumua siku moja.

"Basi ni plagini," yaya akasema. "Zima moja. Washa upya. Angalia. Kama haikuponya, zima ingine. Usizime zote pamoja, hatutajua ni gani."

Ni shauri zuri. Hata leo nikilifikiria sioni kosa lake. Lakini yaya alikuwa Kigali, na hakuona kuangalia kulikuwa na maana gani hapa. Televisheni iko katika chumba anacholala Papa, chumba kingine hatuna. Na kukwama hakukuja upesi. Ilibidi wimbo utembee kwanza mpaka mashine ibaki nyuma. Kwa hiyo kila nilipozima kitu na kuwasha upya, jaribio lilikuwa ni Papa. Filimbi inalia, mkono unapanda, na mimi nimekaa chini karibu na kitanda naangalia kioo na mkono, kioo na mkono.

Nilizima ile ya picha nzuri. Ubeti wa pili, kaduara. Mkono ulikuwa umefika kifuani tu, ukashuka.

Nilizima ile ya vipicha vya kuchungulia. Mstari ulishuka kidogo, nikafurahi, nikamwita Maman aje. Alikuja anafuta mikono. Bass wakafungua midomo, na kaduara kakazunguka. Mkono ulikuwa umeachana na blanketi kidogo, mahali pa kupitisha kalamu chini yake. Maman alinishika bega.

"Acha kwanza, mwanangu. Unamuchosha."

"Nikiacha, Maman, mkono utakauka."

"Na ukiendelea?"

 

Nilijaribu kumtoa nje. Jirani alinisaidia kumkalisha uani kwenye kiti, jua likampiga miguuni, ziwa na nyumba za Bukavu mbele yake, ili mimi nijaribu ndani peke yangu. Niliweka wimbo kwa sauti ndogo. Nilipochungulia mlangoni nikaona vidole vyake vinatafuta kitu juu ya goti. Alikuwa ameisikia filimbi. Nilikimbia kuzima. Hata kuzima kwangu, bila shaka, kwake kulikuwa kukwama kwingine.

Niliyempata kunisaidia hakujua kompyuta kabisa. Ni mzee wa sauti ya bass, mmoja wa wale wenye mvi, aliyevuka kuja kumwona Papa siku ambayo mpaka ulikuwa mwepesi kupita. Alinikuta nimepiga magoti mbele ya televisheni nasoma Kifaransa kwenye simu, neno kwa neno. Nilikuwa nimepata, chini kabisa ya ule ukurasa, orodha ya kazi ambazo mashine inazifanya wakati huo. Moja ilikuwa imefika asilimia fulani. Tangu asubuhi ilikuwa kwenye asilimia hiyo hiyo. Ilikuwa kazi ya ile plagini ya kusikiliza mwanzo.

"Inafanya nini?" akauliza.

Nilimweleza kwa sauti ndogo, macho chini. Inachukua mwanzo wa kila video, inaulinganisha na mwanzo wa nyingine zote, kutafuta zinapofanana. Ndiyo maana inataka ziwe mfululizo mmoja, na mimi nimeziweka mfululizo mmoja.

Mzee alifikiri. "Lakini zetu zote zinafanana. Mwalimu anatuanzishaka namna moja, tangu zamani. Filimbi, kuguna, kisha wimbo."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mumeweka wimbo moja mara nne."

"Ndiyo, Mzee. Na Maman akileta kadi mpya, inaanza kulinganisha tena."

"Ee! Basi ni sawa kumupeleka mugeni kwenye matanga na kumwambia: tafuta nani anafanana na nani katika hii familia." Akacheka, kisha akaangalia kitandani na kushusha sauti. "Futa zetu, mwanangu. Za ba bass. Sisi ni bakubwa, hatutakasirika."

"Maman hatakubali."

"Ni kweli. Na mimi ningekasirika."

Sikufuta ya mtu yeyote. Nilizima ile plagini, nikawasha mashine upya. Ule uvumaji ukapungua, ukapungua tena, ukaisha, nikasikia kuku wa jirani nje. Mstari wa prosesa ukalala chini. Niliweka wimbo. Bass wakafungua midomo na wakaingia, sauti zao zikajaa chumba, na ukaenda mpaka mwisho. Niliweka mwingine, ukaenda mpaka mwisho. Mashine ilikuwa imepona kabisa.

Mkono wa Papa ulikuwa juu ya blanketi, kiganja chini, kama kitu alichokisahau mgeni.

Mzee alisogea mpaka miguuni pa kitanda. Akaunganisha visigino kama mazoezini. "Mwalimu," akasema, "si tuko tunakungoja?" Akavuta pumzi, kifua kikapanda, akaishika. Hakuimba. Aliishika mpaka macho yakamtoka na mishipa ya shingo ikasimama, akiuangalia ule mkono, nami nikiuangalia. Mwishowe akaitoa yote na kujishika kwenye chuma cha kitanda.

"Utaniua, Mwalimu! Utaniua na watasema ni bass bamekufa bila kuimba!"

Papa alitabasamu kwa ule upande unaoweza. "Bon," akasema. Mkono haukutikisika.

Mzee aliondoka kabla mpaka haujafungwa. Mlangoni alinigusa kichwa.

Niliendelea kuweka nyimbo kila alasiri. Yaya alinipigia, akauliza prosesa inasemaje, nikamwambia iko chini, akafurahi: "Umeona? Umekuwa fundi." Sikujua namna ya kumwambia mengine.

Halafu juzi mkono ulipanda. Niliweka ule wimbo anaoupenda, nikageuka kukunja shuka, nikaona kwa pembe ya jicho. Ulitoka kwenye blanketi taratibu, ukapita kifua, ukafika karibu na bega kama zamani. Nilibaki na shuka mikononi kama Maman na sufuria yake. Ubeti wa kwanza ulikwisha. Ubeti wa pili ukaanza. Na pale, mahali penyewe ambapo picha ilikuwa ikikwama, mkono ukasimama. Ukakaa juu, ukangoja, vidole wazi. Kwaya haikungoja. Bass waliingia, sauti ya kwanza ikapanda juu yao, wote wakaendelea mbele, na Papa akawakazia macho kama nilivyomwona akimkazia mtu aliyeanza kabla ya kuambiwa.

"Bon!" akasema kwa ukali. Na mkono ukaanguka.

Jana niliurudia wimbo ule mara mbili. Ni hivyo hivyo. Mkono unapanda, unafika pale, anawasimamisha, wanampita, unashuka. Dada wa kine amesema kwa simu kwamba kupanda ni kuzuri, lakini kushuka namna ile, kwa hasira, hakupendi. Anaogopa Papa ataacha mwenyewe. Maman amejaribu kumweleza. Mimi nimejaribu. Nimemwonyesha mashine kwa kidole, nimeigonga, nimesema ni hii, Papa, ilikuwa hii. Anaigeukia, kisha anajigonga kichwani.

Asubuhi ya leo, kabla sijarudi kwenye karatasi hii, nilifungua ule ukurasa nikaweka kidole juu ya ile plagini. Nikiiwasha, mashine itaelemewa tena, picha itakwama kwenye ubeti wa pili, na kwaya itamngoja kama anavyotaka. Niliona jambo lenyewe ni la kichaa. Kidole kilikaa pale muda mrefu. Sikuwasha, na sikufunga ukurasa.

Sasa ameamka, nasikia blanketi. Saa ya wimbo imekaribia na sijui nimwekee nini. Kama katika nyumba yenu kuna mtu wa namna hii, au kama unajua namna ya kumwambia mgonjwa kwamba kosa halikuwa lake wakati maneno hayamfikii, niandikie, tafadhali. Andika kwa herufi kubwa kubwa, maana nasoma polepole kama ninavyoandika. Barua mpe mwanamke yeyote anayevusha nyanya pale Rusizi ya kwanza, mwambie ni ya nyumba ya mwalimu wa kwaya. Ataifunga kwenye kitenge, itafika.